PS5 au PC ya gemu: picha unayoipata kwa pesa unayotoa

Kwa pesa ile ile inayonunua PS5, huwezi kuunga PC mpya itakayotoa picha ya kiwango hicho. Anayesema inawezekana mara nyingi amechanganya vipande vya mtumba, amesahau pawa saplai, au hakuhesabu leseni ya Windows. Lakini ukiipiga hesabu ya miaka mitano, konsoli hiyo hiyo inaanza kuwa ghali. Kati ya kauli hizi mbili ndipo mnunuzi wa Dar, Mombasa au Kampala anapopotea, na wauzaji hawana haraka ya kumwonyesha njia.

Tuanze na kilichomo ndani. PS5 iliyotoka Novemba 2020 ina prosesa ya AMD Zen 2 yenye viini 8, GPU (chipu ya kuchora picha) ya muundo wa RDNA 2 wa AMD yenye vitengo 36 vya kukokotoa, teraflopu 10.28 (kipimo cha wingi wa hesabu kwa sekunde), na GB 16 za kumbukumbu ya GDDR6 ambazo prosesa na GPU wanazitumia kwa pamoja. Xbox Series X ina vitengo 52 na teraflopu 12. Series S ni mdogo wao: teraflopu 4, GB 10, haina tundu la diski. PS5 Pro ya Novemba 2024 ina vitengo 60 na teraflopu 16.7, ila prosesa yake ni ile ile ya kizazi cha Zen 2 iliyoongezwa kasi kidogo. Kwa hiyo gemu inayokwama kwa sababu ya prosesa, kama zile za miji yenye watu wengi barabarani, haipati nafuu kubwa kwenye Pro.

Teraflopu zisikupumbaze. RTX 4060, kadi ya picha ya Nvidia, kwenye karatasi ina teraflopu 15, lakini ukiiweka kazini haiizidi PS5 kwa nusu nzima, kwa kuwa Nvidia na AMD hawahesabu kwa mtindo mmoja. Kadi ya PC iliyo karibu zaidi na PS5 kwa muundo ni Radeon RX 6700, ile isiyo na XT, kwa sababu nayo ina vitengo 36 vya RDNA 2. Ukipata PC yenye kadi hiyo, au RTX 2070 Super, ukaipanga kama konsoli ilivyopangwa, utaona picha inayofanana kabisa. Chini ya hapo uko nyuma ya PS5, hata kasha lako liwe na taa za rangi ngapi.

Maneno "4K" na "120" kwenye boksi la konsoli nayo yanataka kusomwa kwa jicho la pili. Gemu nyingi nzito za PS5 zina njia mbili: ya ubora, inayokwenda fremu 30 kwa sekunde, na ya kasi, inayokwenda 60. Alan Wake 2 ni mfano mzuri kwa sababu namba zake zilipimwa na zinajulikana. Katika njia ya ubora inachora picha ya mistari 1270 halafu inaikuza hadi 4K kwa FSR 2, mbinu ya AMD ya kukuza picha. Katika njia ya kasi inachora mistari 847 tu, kisha inaikuza hadi 1440. Majani, nywele na waya za mbali ndipo utakapoona ukungu na vidoadoa vinavyocheza pembezoni mwa vitu. Huo ndio upungufu wa FSR 2 na 3, na konsoli za kawaida zimefungwa humo. Pro ina PSSR, mbinu ya Sony yenyewe, inayosafisha zaidi.

Hapa PC yenye kadi ya RTX ina faida isiyoonekana kwenye teraflopu. DLSS ya Nvidia inakuza picha vizuri kuliko FSR ya zamani, na toleo la Januari 2025 linafanya kazi hadi kwenye kadi za RTX 2060. Maana yake RTX 3060 ya GB 12, ambayo kwa nguvu tupu iko chini ya PS5, inaweza kukupa picha safi kuliko PS5 kwenye skrini ya 1080 au 1440, fremu zikiwa zile zile. AMD wamejibu kwa FSR 4, lakini iliandaliwa kwa kadi za RX 9000. Kuzalisha fremu za katikati, yaani kadi kubuni fremu kati ya mbili za kweli, ni suala jingine: kwa Nvidia kunahitaji kadi za 40 au 50, na kunaleta raha pale tu fremu za kweli zikiwa tayari zimefika kama 50 au 60. Ukianza na 30, namba ya fremu kwenye kona ya skrini itapanda lakini padi itakuwa nzito mkononi.

Namna ya kuipanga PC ili ifanane na konsoli ni rahisi, na watu wengi hawaifanyi. Wanabonyeza Ultra halafu wanailaumu kadi. Weka kila kitu katika Medium au High. Tekstura (picha za sura ya vitu) zifuate ukubwa wa VRAM, kumbukumbu ya kadi yenyewe: GB 8, usipite High, GB 12 na kuendelea, panda unavyotaka. Vivuli na ukungu wa hewa viwe Medium, maana hivyo ndivyo vinavyokula fremu nyingi kwa faida ndogo ya jicho. Reitresingi, uchoraji wa mwanga kwa kufuata miale yake, izime kwanza. DLSS iwe Quality. Mwisho, funga fremu kwenye 60 kama skrini yako ni ya hertz 60, vinginevyo kadi inachoma umeme kuchora fremu ambazo hakuna atakayeziona.

Kisha kuna mikwamo, ile hali ya gemu kusimama nusu sekunde kila ukifungua mlango mpya. Konsoli haina tatizo hili kwa kiwango hicho kwa sababu kila PS5 ina GPU moja inayojulikana, hivyo sheda (programu ndogo za kuchora mwanga na rangi) zinakuja zimeshakusanywa tayari. Kwenye PC kila kadi na kila draiva ni tofauti, kwa hiyo sheda zinakusanywa kwenye mashine yako. Gemu ikikuambia inazitayarisha pale mwanzoni, iache imalize, hata ikichukua dakika ishirini. The Last of Us Part I ilipofika PC Machi 2023, walioruka hatua hiyo waliteseka, na wenye kadi za GB 8 waliteseka zaidi kwa kuwa tekstura zilifurika VRAM na kumwagikia kwenye RAM ya kawaida. Ilirekebishwa baadaye. Funzo la GB 8 bado lipo: mwaka huu usinunue kadi mpya ya GB 8 kama nia yako ni kukaa nayo miaka mitano.

Kabla ya kuchagua mashine, tazama skrini uliyo nayo. Runinga nyingi za inchi 32 sebuleni kwetu ni za pikseli 1366 kwa 768, hata kama kibandiko kinasema HD. PS5 itafanya kazi humo, lakini PS5 Pro itakuwa pesa iliyolala. Kwa runinga hiyo Series S inatosha na inabaki. Ukiwa na runinga ya 4K ya inchi 50 au zaidi na unakaa mita mbili na nusu kutoka kwake, PS5 ndiyo inayoonekana vizuri kwa pesa ndogo. PC inang'aa mezani: monita ya 1080 au 1440 yenye hertz 144, uso uko karibu, kipanya mkononi. Kwa gemu za kulenga shabaha, tofauti ya fremu 60 na 120 utaihisi kabla hujaiona.

Sasa bei. Agosti 2025 Sony walipandisha bei Marekani: PS5 yenye diski ikawa dola 549.99, ya Digital isiyo na tundu la diski 499.99, na Pro 749.99. Bei za huku zinaongezewa usafiri, kodi na faida ya muuzaji, kwa hiyo namba hizi zichukue kama kipimo cha uwiano tu. Radeon RX 9060 XT ya GB 16, kadi ambayo ningeichagua leo kwa PC ya kuipita PS5 bila ubishi, ilitoka Juni 2025 kwa dola 349. Kadi peke yake imeshakula karibu theluthi mbili ya bei hiyo ya PS5, na bado hujagusa prosesa, mazabodi, RAM, SSD, pawa saplai, kasha, Windows, padi wala monita. Windows 11 Home ya leseni ni dola 139. Na tangu mwishoni mwa 2025 RAM na SSD zimepanda sana kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya akili mnemba. Bajeti za PC ulizoziona kwenye video za 2024 zisahau.

Lakini endelea na hesabu. Kucheza mtandaoni gemu za kulipia kwenye PS5 kunataka PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony. Essential, ngazi yake ya chini, iliwekwa dola 79.99 kwa mwaka Septemba 2023, yaani karibu dola 400 kwa miaka mitano. Jumlisha na mashine: dola 950. Kwa dola 950 PC inaanza kuwa mshindani wa kweli, na mtandaoni hailipiwi kitu. Gemu za bure kama Fortnite na eFootball hazihitaji PS Plus, na anayecheza gemu ya soka ya FC nyumbani na wenzake kwa padi mbili hahitaji pia, hivyo kwake hesabu hii inaanguka na PS5 inabaki rahisi.

Gemu zenyewe zinavuta pande zote mbili. Steam, duka la gemu za PC, ina mapunguzo ya bei ya mara kwa mara, na duka la Epic hutoa gemu ya bure kila wiki. PS5 yenye tundu la diski inajibu kwa soko la mtumba: unanunua diski, unamaliza, unauza au unabadilishana. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutonunua Digital ya 2020, kwa kuwa haipokei tundu la diski kabisa. Digital ya umbo jembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023, na Pro, zinapokea tundu linalouzwa peke yake, na mara ya kwanza ya kuliunganisha lazima uwe na intaneti. Usidhani diski inaokoa bando siku zote. Diski ya PS5 inaweza kubeba hadi GB 100, lakini Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na takriban MB 70 tu kwenye diski, zilizobaki zote ulizishusha mwenyewe.

Jambo la akaunti linawaumiza wengi baada ya kununua. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa akaunti za PlayStation. Kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini pekee. Watu hufungua akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, jambo ambalo masharti ya Sony hayalikubali rasmi, kisha hununua kadi za zawadi. Nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye, na kadi ya Uingereza haiingii akaunti ya Marekani. Amua mara moja. Steam inafungua akaunti ya Kenya au Tanzania bila hila yoyote na kukuonyesha bei kwa dola.

Umeme nao uhesabiwe. PS5 katika gemu nzito inavuta takriban wati 200. Saa tatu kwa siku ni yuniti 18 kwa mwezi. Kwa bei ya Luku ya Tanzania, shilingi 356 kwa yuniti, ni kama 6,400. PC yenye Ryzen 5 5600 na RX 6700 XT inaweza kuvuta wati 330 hadi 350 ukutani, yaani yuniti 30 hivi, zaidi ya 10,600. Ukiweka RTX 4060 yenye kikomo cha wati 115, PC inarudi jirani na konsoli. Monita au runinga ni juu yake. PS5 inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo ya Marekani au Japani inahitaji waya tu. Pawa saplai za bei ya chini za PC zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 ukachomeka ukutani kwetu, utasikia mlio mmoja na harufu. Itazame kabla ya kitu kingine chochote. Kwa UPS, chukua angalau VA 1000. Pawa saplai nzuri zenye PFC (saketi ya kurekebisha mvuto wa umeme) zinaweza kuzima UPS rahisi inapohamia kwenye betri, kwa hiyo ijaribu ukiwa bado dukani, gemu ikiwa inakimbia.

Tufike kwenye mashine inayouzwa zaidi kwa jina la "PC ya gemu" Luthuli ya Nairobi na Kariakoo ya Dar: Dell OptiPlex au HP ya ofisi, ex-UK, iliyopachikwa kadi ndogo. Ni PC nzuri ya shule na kazi. Kama mpinzani wa PS5, hapana. OptiPlex 7050 ya umbo jembamba ina pawa saplai ya wati 180, ya umbo la mnara 240, na kwa kawaida haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi inabaki na wati 75 peke yake za PCIe, tundu la mazabodi inapochomekwa kadi. Plagi ya mazabodi yake si ile ya pini 24, hivyo huwezi kubadilisha pawa saplai bila adapta. Inayoingia humo ni GTX 1650 fupi ya GB 4, yenye nguvu chini ya nusu ya PS5, au bora zaidi RTX 3050 ya GB 6 ya 2024, ambayo inavuta wati 70 na ina DLSS. Usichanganye na RTX 3050 ya GB 8: hiyo inataka waya wake.

Mtego mwingine ni njia za PCIe, ambazo data hupitia kati ya kadi na mazabodi. RX 6600 na RTX 4060 zinatumia njia 8 tu. Kwenye mazabodi ya PCIe 4 hakuna shida. Kwenye PCIe 3 ya mashine ya zamani upana unagawanyika nusu, na VRAM ikijaa ndipo utakapoona mikwamo. RX 6500 XT ina njia 4 na GB 4. Hiyo iache kabisa. Hata anayeunga PC mpya hunaswa hapa: prosesa ya Ryzen 5 5500 inaishia PCIe 3 na kashe yake (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ni nusu ya ile ya 5600, na mazabodi ya B450 nayo inaishia PCIe 3. Ongeza kidogo, chukua 5600 na mazabodi ya B550. RX 9060 XT inatumia njia zote 16, kwa hiyo inavumilia mazabodi ya zamani vizuri zaidi.

Umri wa mashine una gharama nyingine. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. OptiPlex 7050 haimo. OptiPlex 3060, 5060 na 7060 zimo. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), na Battlefield 6 nayo inadai Secure Boot. Indiana Jones and the Great Circle haifunguki kwa kawaida kwenye kadi isiyo na reitresingi ya maunzi, hata iwe GTX 1080 Ti iliyokuwa mfalme 2017. Konsoli haina maswali haya: gemu ya PS5 inafunguka kwenye kila PS5. Na kwa wanaosubiri GTA VI, Rockstar wametangaza PS5 na Xbox Series, PC hawajaitaja. GTA V ilitoka konsoli Septemba 2013 na kufika PC Aprili 2015.

Ukinunua kadi ya mtumba, usiiamini sura ya Windows. Fungua GPU-Z, programu inayosoma chipu ya kadi. Kadi iliyobandikwa jina jipya juu ya chipu ya zamani itaonyesha neno FAKE mbele ya jina. GTX 1050 Ti ni kati ya zinazoghushiwa hivi. RX 580 hesabu vichakataji vyake: 2304 ndiyo yenyewe, 2048 ni toleo dogo linalouzwa kwa bei ya kubwa. Kisha washa FurMark, inayoipa kadi kazi nzito, dakika 15, HWiNFO inayoonyesha joto ikiwa wazi pembeni. Joto la sehemu moto zaidi likivuka nyuzi 100, huenda pesti ya kupoza chipu imekauka. Hilo linatibika, lakini bei ishuke. Madoadoa ya rangi yakitokea skrini hata mara moja, rudisha kadi. Mara nyingi hiyo ni VRAM.

PS5 ya mtumba ina vipimo vyake. Ingia PSN kwa akaunti yako hapo hapo, kwa sababu konsoli iliyofungiwa na Sony inafanya kila kitu isipokuwa hicho. Weka diski ya PS5 na uisakinishe: kwenye zile za 2020 bodi ya tundu la diski imefungamana na mazabodi, fundi akiibadilisha kwa nyingine diski hazisomi tena. Cheza gemu nzito nusu saa. Ikizima yenyewe, ama vumbi limeziba ama metali ya kimiminika juu ya chipu imesogea, na kazi ya pili si ya kila fundi. Padi ichomeke kwenye kompyuta na ufungue ukurasa wowote wa kupima padi: achia vijiti, namba zitulie karibu na sifuri. Zikitembea zenyewe, kijiti kimechoka. Kukibadilisha ni kuyeyusha risasi inayoshika miguu yake yote na kulehemu kipya, kisha kukipima upya, kwa hiyo ulizia bei ya kazi hiyo kabla hujakubaliana na muuzaji.